Cheo Alichopewa na Mama Yake

Mama unayesoma haya, kama una mtoto aliye mbali, weka sufuria chini kwanza ukae. Habari ya Mavsuma wa Quva, huko Uzbekistan, si ya kusoma huku unakoroga mchuzi, maana utaunguza chakula na funzo lenyewe usilipate.

Mavsuma alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Murodil, na shamba dogo la makomamanga nyuma ya nyumba. Marehemu mumewe, Solijon, alikuwa bingwa wa lof. Lof ni ule mchezo wa kujisifu wanaoufanya wanaume kwenye nyumba za chai: huyu anasema tikiti lake la mwaka jana lilikuwa kubwa hata ng'ombe wake watatu wakapotelea ndani, na yule anajibu kwamba ng'ombe hao aliwaona, wamehamia kwenye boga lake na wamezaa. Watu hucheka mpaka chai inawatoka puani, na hakuna anayekwenda kulitafuta hilo tikiti. Solijon alikufa maskini, na msiba wake ulijaa watu wanaolia huku wanacheka.

Murodil hakurithi mdomo wa baba yake. Alikuwa kijana mkimya, wa kuitikia "sawa" na kuinuka. Alipofika miaka ishirini na miwili aliondoka kwenda kwa Warusi, Yekaterinburg, kama wanavyoondoka vijana wengi wa mtaa ule. Asubuhi ya safari mama yake alimshikia mkate wa duara mdomoni, kijana akaung'ata kipande kimoja, na mkate uliobaki ukatundikwa ukutani kwa uzi, umngoje mwenyewe arudi aumalizie. Kila nyumba yenye mtoto safarini ina mkate wake ukutani, mgumu kama kigae, na alama za meno ya mtoto zinaonekana.

Huko alipata kazi ya kubeba makreti ya mboga kwenye ghala. Kazi ya halali, mgongo wake ndio ulijua. Alipiga simu kila Ijumaa, na Mavsuma alikuwa na amani.

Sasa sikiliza ulimi ulivyoanza.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanawake saba waliosoma darasa moja walikutana kwa zamu, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Wanakula pilau, wanakunywa chai, wanasemezana. Mkutano wenyewe wanauita gap, yaani maongezi, na aliyeupa jina hilo hakukosea. Siku moja Zebiniso, ambaye mwanawe yuko Korea, alizungusha simu yake mkekani.

"Tazameni gari la Bunyod. Viti vya ngozi hivyo. Vinapashwa joto, eti ukikaa makalio yanachemka!"

"Yaache yachemke, Bunyod mwenyewe mwembamba," akasema Risolat, ambaye ndiye aliyewatangulia wote kuzaliwa na ndiye wanayemsikiliza. Wakacheka.

Kisha Zebiniso akageuka. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. "Na Murodil wako, Mavsuma? Bado anabeba vitunguu?"

Lile neno "bado" lilimchoma. Mavsuma alifungua mdomo ili aseme ndiyo, ikatoka sauti nyingine.

"Wamempa usimamizi."

Basi, maneno mawili tu. Wenzake wakapiga makofi, Hanifa akamkumbatia, Risolat akamwongezea nyama kwenye sahani. Mavsuma akarudi nyumbani amepata joto kifuani kama aliyevishwa koti jipya. Alijiambia si uongo mkubwa, kijana ana bidii, leo au kesho watampa kweli.

Mwezi uliofuata wakamuuliza anasimamia watu wangapi. Ungejibu nini? Akasema arobaini. Msimamizi wa watu arobaini hawezi kukosa ofisi, kwa hiyo mwezi wa tatu ofisi ikapatikana, yenye zulia. Kisha nyumba, vyumba viwili, ghorofa ya tano. Hakukaa usiku mmoja akapanga kudanganya. Kila mwezi waliulizia kidogo na kila mwezi aliongeza kidogo, na alipokuja kuangalia nyuma, alikuwa amemjengea mwanawe mlima asioweza kuupanda.

Murodil mwenyewe aligundua siku alipopiga simu ya picha na kuwakuta wanawake wote saba wamejaa kwenye kioo.

"Bosi huyo!" wakapiga kelele. "Tuonyeshe hilo zulia!"

Alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Akatabasamu, akasema mtandao mbaya, akakata. Jioni akapiga tena. "Mama, umewaambia nini?"

"Kidogo tu, mwanangu. Watu wanapenda kusikia mazuri."

"Sawa, mama," akasema.

Wengine walitegemea maneno hayo, na hapa ndipo pabaya. Hanifa alikuwa na mume, Komil, aliyechoka na kazi ya tanuri la matofali. Hanifa akamshika Mavsuma mkono: Murodil hawezi kumwekea Komil nafasi kati ya wale arobaini? Mavsuma angeweza kusema hapana. Alisema, "Kwa nini asimwekee? Ni kama baba yake."

Desemba ile rundo la makreti liliporomoka ghalani, likamwangukia Murodil mguu wa kushoto. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Walimfunga plasta, na ghala likatafuta mtu mwingine wa kubeba. Alipopiga simu hakulia, hakuwa mtu wa kulia.

"Mama, nataka kurudi nyumbani."

Moyo wa Mavsuma uliruka kwa furaha, Mungu ni shahidi. Aliona kitanda atakachomtandikia, supu atakayompikia. Halafu akaona mlango wa gari unafunguka pale kona ya duka la mikate, na bosi wa watu arobaini anashuka na mkongojo na mfuko wa plastiki, na Zebiniso amesimama na mikate yake mkononi anatazama.

"Rudi mwanangu, rudi," akasema. "Lakini si ungoje kidogo mguu ukae sawa? Uje unatembea vizuri. Watu wasianze maneno."

Kwenye simu alisikia watu wakiongea Kirusi nyuma ya mwanawe.

"Sawa, mama."

Murodil akaacha kupiga simu Ijumaa. Januari ikapita na ujumbe mmoja: mzima, usijali. Februari, mwingine kama huo huo. Na zamu ya Mavsuma ya kualika gap ikafika, mwanzoni mwa Machi, naye hana sauti ya mwanawe ya kuwasikilizisha.

Alipika pilau yake vizuri, mchele punje moja moja. Wenzake wakala, wakasifu, kisha Hanifa akauliza, "Murodil vipi? Komil ameshaacha kazi kule tanurini, anangoja tu aitwe."

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mavsuma alikimbilia mbele. "Alikuja! Hamkumwona? Alikuwa na kikao Tashkent, akapita hapa alfajiri, saa moja tu, akarudi uwanja wa ndege. Hiki kitambaa changu ndiye aliyeniletea." Kitambaa alikinunua mwenyewe sokoni Quva, Jumatano.

Wakakishika, wakakisifia. Zebiniso peke yake hakukishika. Macho yake yalikuwa ukutani.

"Amekuja," akasema polepole, "na mkate wake hakuumaliza?"

Wote wakageuka. Mkate ulikuwa pale pale kwenye uzi wake, na jeraha lile lile la meno, vumbi la miaka mitatu juu yake. Hakuna mtoto wa mtaa ule anayeingia nyumbani kwao akaondoka bila kuugusa mkate wake, hata awe na haraka ya kwenda kuzima moto. Na hakuna mama anayemwacha aondoke hivyo. Mavsuma alikumbuka kila kitu alipotunga uongo ule, alikumbuka ndege, alikumbuka kikao, akausahau mkate anaoupita ukutani kila siku.

"Alikuwa na haraka," akasema. Ili mikono ipate kazi akashika birika, akamjazia Zebiniso chai. Jicho lake lilibaki kwenye mkate. Chai ikapanda, ikapanda, mpaka kwenye ukingo wa bakuli dogo la kunywea. Mgeni unayempenda humiminiwa kidogo, ili upate sababu ya kumwongeza. Bakuli likijazwa mpaka juu, maana yake kunywa uende zako. Wanawake sita waliliona lile bakuli.

Zebiniso hakulinywa. Akavaa viatu vyake. Wengine wakakumbuka kazi zao nyumbani, mmoja mmoja.

Mama, ungedhani aibu hiyo ndiyo mwisho wa habari. Aibu ni kitu kidogo. Asubuhi yake simu iliita, namba ya huko baridini, na sauti haikuwa ya Murodil.

"Salaam alaikum, mama. Naitwa Tulqin, wa Margilan. Nalala chumba kimoja na Murodil. Amenikataza kukupigia, kwa hiyo ukimwambia nitapigwa."

"Ana nini mwanangu?"

"Mguu, mama. Plasta aliitoa mapema ili apate kazi. Sasa analinda geti, anasimama kwenye theluji. Vidole viwili vimeanza kuwa vyeusi. Daktari amemwambia akiendelea na baridi hii watavikata, na labda zaidi ya vidole. Sisi wenzake tumeshampatia kiti kwenye basi la Alhamisi, linakuja moja kwa moja Fergana, hapo karibu na nyumbani. Hataki kupanda. Anasema atakwenda kaskazini zaidi, kuna mtu anatafuta walinzi."

"Kaskazini! Kwa nini?"

Tulqin akasita. "Samahani, mama. Anasema, 'Mama amenijengea jina pale mtaani. Nikirudi hivi nilivyo nitambomolea.'"

Ilikuwa Jumapili, na basi lilikuwa Alhamisi. Mavsuma alimpigia mwanawe papo hapo, akamwambia rudi, rudi kama ulivyo, na Murodil akamjibu kwa upole ule ule, "Sawa mama, tutaona," na akajua kwamba haji. Kwa nini aje? Yule aliyemwambia ngoja ndiye huyu anayemwambia njoo, na mtaa mzima bado unamngoja bosi. Akimwahidi kwamba atawaambia ukweli, kijana hataamini. Na angeaminije?

Akakaa jikoni mpaka chai yote ikapoa birikani. Kisha akawapigia wenzake mmoja mmoja.

"Jana umenifukuza kwa bakuli, leo unaniita kwa simu?" akasema Zebiniso.

"Njoo tu."

"Nije kufanya nini?"

"Njoo, Zebiniso. Ukikosa utajuta."

Alikuja wa kwanza.

Walipotimia, Mavsuma hakuwawekea hata zabibu. Aliisimamisha simu mezani, ameiegemeza kwenye bakuli la sukari, akapiga. Uso wa Murodil ukatokea, umekonda, mashavu yameingia ndani. Akaona nyuso zote zile.

"Mama, una wageni. Nitapiga baadaye."

"Ukikata, nitawaambia hivyo hivyo, halafu wewe utabaki hujui kama nimesema kweli. Kaa usikie kwa masikio yako."

Hakukata.

"Huyu si msimamizi," Mavsuma akasema. "Hajawahi kuwa msimamizi hata siku moja. Alikuwa anabeba vitunguu na nyanya. Hana ofisi, hana zulia. Analala chumba kimoja na wenzake wanane. Alfajiri ile hakuja, na hiki kitambaa nilinunua mimi. Desemba alivunjika mguu akaniomba arudi, na mimi, mama yake, nikamwambia angoje. Nilimwambia angoje ili nyinyi msimwone anachechemea. Sasa vidole vinaoza."

Kisha Risolat, kwa huruma yake, akacheka kwa nguvu na kujipiga makofi magotini.

"Jamani, si lof hiyo! Mmesahau huyu ni mke wa nani? Marehemu Solijon alitudanganya miaka thelathini na hatukumkasirikia hata siku moja. Lof tu! Mavsuma, umetupata!"

Wengine wakaanza kucheka, kicheko cha kushusha pumzi. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Mavsuma, mpana kabisa. Alichotakiwa ni kucheka nao, apite, na heshima yake aibebe mkononi.

Akaitazama simu. Murodil alikuwa anamtazama.

"Hapana, Risolat. Mwenye lof anajua ni uongo na anayemsikiliza anajua. Nyinyi hamkujua. Nilitaka muamini, na mliponiamini nilifurahi. Ulikuwa uongo, wangu peke yangu. Mwanangu hakunituma."

Kicheko kikafa.

"Komil ameacha kazi," Hanifa akasema. Alisema polepole kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Najua."

"Uliniambia Murodil atamweka."

"Nilikuambia."

"Ulinishika mkono, ukinitazama usoni."

"Ndiyo, Hanifa. Nisa..."

"Usiniombe msamaha mbele za watu, nisije nikalazimika kukupa." Akachukua shali yake. Walisikia viatu vyake uani, kisha geti.

Zebiniso akajivuta mpaka mezani, akainamia simu kama anayechungulia kisimani.

"Wewe. Mguu upi?"

"Wa kushoto, mama mdogo."

"Usinionyeshe pua, nionyeshe mguu."

Kioo kikatikisika, kikashuka. Wanawake wakauona. Mmoja akaziba mdomo. Mavsuma hakuufumbia macho, aliutazama wote.

"Soksi moja!" Zebiniso akafoka. "Kwenye theluji, soksi moja! Shemeji yangu ni daktari wa mifupa Fergana. Mdomo wake mchafu, atakutukana mpaka utamani kurudi kwa Warusi. Lakini mikono yake mizuri. Unapanda basi lini?"

"Kwa hiyo mnajua wote?" Murodil akauliza.

"Sisi tunajua. Na kwa kuwa mimi najua, mpaka jioni Namangan nako watakuwa wameshajua. Huna wa kumficha tena, mwanangu, umechelewa."

Kutoka kwenye simu ikatoka sauti kama kikohozi. Mavsuma alishtuka, kisha akaelewa kwamba mwanawe anacheka. Akashusha kofia usoni, akaiacha hapo muda, mabega yakitikisika. Alipoipandisha, macho yalikuwa mekundu.

"Alhamisi," akasema.

"Na gari la Bunyod, Zebiniso?" Risolat akauliza simu ilipokatwa. "Maadam leo ni siku ya kusema."

"La Bunyod ni la Bunyod," akajibu haraka, "na usinitazame hivyo."

Basi lilikaa siku nne barabarani. Mavsuma alisimama pale kona ya duka la mikate tangu asubuhi, na saa sita mchana teksi ikasimama. Kijana alishuka na mkongojo na mfuko wa plastiki, kama vile alivyomwona akilini siku ile aliyomkataza. Wanaume waliokuwa wakingoja mikate wakasimama kumpokea. Mmoja akamchukulia mfuko. Mwingine akamtania, "Karibu, bosi," na Murodil akasema, "Ahsante. Vitunguu vinawasalimia," wakacheka, ikaisha. Mkate wake aliuloweka kwenye chai siku hiyo hiyo akaula, akasema umeoza. Kidole kimoja kilikatwa Fergana. Cha pili kilipona, na daktari alimtukana kama ilivyoahidiwa.

Lakini usifikiri yote yalifutika. Komil hakurudishwa tanurini, nafasi ilikwisha chukuliwa. Alikwenda kwa Warusi mwenyewe mwishoni mwa Machi, bila mtu wa kumpokea. Mavsuma alikwenda getini kwa Hanifa mara nne, na mara nne aliambiwa mwenyewe hayupo, huku akisikia cherehani yake inakimbia ndani. Gap sasa ina wanawake sita.

Kwa hiyo wewe mama mwenzake, tuseme umekaa na wenzio na simu zinazungushwa. Ujue hapo ndipo penye hatari, penye chai na vicheko, wala si kwingine. Mtoto anasikia hata akiwa mbali. Ukimpa cheo asicho nacho, unamwambia kwamba alicho nacho hakikutoshi. Wa kimya atakuitikia sawa, kisha atatafuta baridi ya kwenda kujifichia.

Majuzi alikuja mgeni kutoka Andijan, mwanamke aliyevaa vizuri, jamaa wa Risolat. Murodil alikuwa uani, amenyoosha mguu kwenye kigoda, anafukua mikomamanga iliyolazwa na kufukiwa udongo isiuawe na baridi, kwa koleo fupi, palipofika mkono wake tu.

"Huyo ndiye mwanao? Anafanya kazi gani?"

Mavsuma aliyasikia maneno yanapanda kooni, mazuri, yamejipanga. Ana mpango wa kununua shamba la pili. Kuna watu wa Tashkent wanamtaka. Akashika birika, akammiminia mgeni chai, kidogo kama inavyotakiwa.

"Anapona," akasema.